Chai Ikishanywewa

Mafundi wa lifti hufundishwa jambo moja hata kabla hawajafundishwa kushika spana: mtu akikwama ndani, ongea naye. Lifti iliyosimama haiui mtu. Kinachomdhuru ni hofu, ile inayomfanya aanze kulazimisha mlango kwa kucha. Kwa hiyo fundi hubisha hodi kwenye chuma, husema yupo, husema haondoki, na huendelea kusema chochote kinachomjia, mvua, mpira, bei ya vitunguu, mpaka mlango ufunguke. Katika mji ule hapakuwa na fundi aliyeijua kazi hiyo ya kusema kuliko huyu wetu. Sauti yake ilikuwa nene na haina haraka. "Nipo," angesema, "nipo hapa nje, mimi siondoki," na watu wazima waliokuwa wakilia kamasi humo ndani wakatulia. Jina lake la kuzaliwa walilijua wazazi wake na ofisi. Watu wa maghorofani walimwita Nipo.

Sasa muulize mke wake kama yupo.

Mke alikuwa mshonaji wa sare za shule, na cherehani yake ilikaa kwenye kona ya sebule karibu na mlango, mahali ambapo asingekosa kuona nani kaingia na kaingia na uso gani. Kwa miezi kadhaa sasa aliyeingia alikuwa mtu wa viatu na kidevu. Ukimsalimia, anainua kidevu. Ukimuuliza kazi imekwendaje, "Kawaida." Ukimuuliza kama amekula, "Niko sawa," kana kwamba njaa ni ugonjwa. Halafu anakwenda bafuni, anafungulia bomba, na maji yanajaa ndoo mpaka yanafurika huku mwenye kuoga hata shati hajavua. Akitoka huko anakaa kwenye kiti cha dirishani na simu mkononi, kioo cheusi, hakuna anachosoma. Binti yao, ambaye kwa kupenda maneno walimpa jina la Chiriku, humjia na habari zote za shule, nani kapigana na nani, mwalimu gani kasinzia darasani, na baba humtazama kama mtu anayesikia redio ya jirani.

Usiku mume na mke walilala mzungu wa nne, kichwa cha huyu kwenye miguu ya yule, wakisingizia joto. Hata baridi ilipoingia waliendelea kusingizia joto.

Mama Chiriku alishapekua kila dhana. Alinusa mashati, akakuta grisi. Shoga yake akamwambia hapo lazima kuna mwanamke, naye akajibu, "Angekuwa na mwanamke angekuwa anaoga vizuri." Wakacheka wote wawili, kisha akaenda jikoni akalia kidogo, akarudi kushona.

Ukweli ulikuwa huu, na ni bora tuuseme mapema maana mwenyewe atatuchelewesha. Kampuni ilikuwa imepunguza mafundi, na waliobaki wakabebeshwa mzigo wa walioondoka. Nipo na mwenzake, mtu aliyeitwa Mrefu kwa sababu inayoeleweka, walikuwa wakizunguka majengo tangu alfajiri, macho mekundu, mkate wanaula wakitembea. Sheria ya kazi inasema kwamba kabla fundi hajaingia shimoni, chini ya lifti, anazima swichi kuu kule juu na kuifunga kwa kufuli lake mwenyewe, ufunguo ukae mfukoni mwake, asije mtu akaiwasha yeye angali chini. Nipo aliwafundisha wengine sheria hiyo. Lakini siku ile alisema, "Acha bwana, ni kukaza bolti moja tu," akamwachia Mrefu swichi, akashuka bila kufuli. Mrefu naye alikuwa na siku mbili hajalala sawasawa. Akili yake ikatangulia kwenye jengo linalofuata, ikamwona mwenzake ameshatoka, akawasha.

Lifti ikashuka. Nipo alijilaza kifudifudi kwenye mafuta machafu, akajibana na sakafu. Chuma kilisimama juu ya mgongo wake kwa nafasi ndogo kiasi kwamba kilichana mshono wa ovaroli yake. Alikaa hapo akiisikia mashine inavyonguruma, hawezi kuinua kichwa wala kuita, mpaka Mrefu alipogundua.

Mrefu ndiye aliyelia. Nipo ndiye aliyembembeleza. "Mbona niko sawa, bwana, acha kulia, watu wanatuona."

Hapo ndipo ilipoingia chai. Mafundi wa lifti wa mji ule walikuwa na desturi yao, sijui ilianzishwa na nani, pengine na mtu aliyependa chai. Fundi akiponea chupuchupu, jioni yake huwanunulia wenzake wote chai. Wanainywa wamesimama, wanazungumza mpira, hakuna anayelitaja lililotokea. Vikombe vikirudishwa, habari imezikwa. Chai ikishanywewa, hairuhusiwi kulitaja tena, si kazini wala nyumbani, maana ukilitaja unaliita, na likirudi halikufuati wewe, linamfuata uliyekuwa naye. Nipo hakuwa mtu wa hirizi. Lakini hili alilishika. Halafu kulikuwa na ofisi: wakijua, Mrefu anafukuzwa kesho. Basi alikunywa chai yake, akatania, akarudi nyumbani, akainua kidevu.

Ubaya wa kunyamazia jambo moja ni kwamba halikubali kukaa peke yake. Ukiulizwa kazi, jibu linapita karibu na shimo, kwa hiyo unakata maneno. Ukiulizwa mbona umekonda, nalo linapita hapohapo. Mwisho unaona heri usiongee kabisa. Na mwanamume, kama mjuavyo, ameambiwa tangu utoto ajikaze kisabuni. Nipo alijikaza mpaka akaisha kama sabuni yenyewe.

Jumapili moja mchana, Chiriku akiwa nje anaruka kamba, mama yake alisimamisha cherehani.

"Baba Chiriku."

Kidevu.

"Kaka yangu kafungua karakana ya ushonaji kule kwao. Anataka msimamizi. Kuna chumba changu na cha mtoto. Shule ikifungwa tu, tunaweza kwenda."

Nipo alisikia kitu kikishuka kutoka juu, polepole, kama kinavyoshuka siku zote.

"Sikutishi," akasema mkewe. "Anayetisha ana nguvu bado. Mimi nimechoka. Naishi na koti lililotundikwa." Akachukua kipande cha kitambaa, akakikunja, akakikunjua. "Nina ombi moja tu. Kuna mshauri wa ndoa, shoga yangu kanielekeza. Twende wote. Ukija, tutaona. Usipokuja, nitakuwa nimeshaona."

"Mambo ya ndani tukayaanike kwa mtu baki?"

"Hayo mambo ya ndani yako wapi? Huku ndani hakuna hata cha kuanika."

"Nitakuja," Nipo akasema, hasa ili cherehani iendelee.

Siku ya miadi alifika. Tusimwonee, alifika, na kwa wakati, akiwa na mfuko wake wa vifaa begani kwa kuwa alitoroka kazini. Ofisi ya mshauri ilikuwa ghorofa ya sita ya jengo la zamani lenye lifti ya zamani zaidi. Sijui kama angepanda ngazi hadi juu au angegeuka kwenye ghorofa ya tatu. Hatutajua, kwa sababu alipoingia alimkuta mlinzi anahangaika, lifti imekwama karibu na ghorofa ya sita, na ndani yake kuna bibi anapiga yowe.

Nipo alipumua. Ndiyo, alipumua, na hili inabidi limwaibishe kidogo. Mke yuko juu anamngoja kwa jambo zito la maisha yao, na yeye anaona nafuu kwamba kuna kitu kimeharibika ambacho anajua kukitengeneza. Alipanda mbio mpaka chumba cha mashine, akazima swichi, akaifunga kwa kufuli, akalivuta kuhakikisha, akalivuta tena. Kisha akashuka ghorofa ya sita, akachuchumaa mbele ya mlango wa lifti.

"Nipo, bibi. Nipo hapa nje."

"Nakufa humu, mwanangu!"

"Hufi. Kaa chini, egemea ukuta, usiguse mlango. Mimi siondoki."

"Unasema tu! Wewe uko nje huko unapunga upepo. Umewahi kukwama wewe?"

Mafundi huulizwa swali hilo kila mara, na jibu lake ni utani. Nipo alifungua kinywa atoe utani, na utani haukuja. Mkono ulikuwa unazungusha ufunguo wa kufungulia mlango, paji la uso limegusa chuma baridi, na bibi alikuwa hamwoni.

"Nimewahi," akasema. "Mbaya kuliko hii. Iliniteremkia mgongoni, nikiwa chini yake."

Yowe likakatika. "Wee!"

"Kweli, bibi."

"Ukaogopa?"

"Naogopa mpaka leo. Nikikaa nyumbani kwangu, kwenye kiti, naisikia inashuka. Mtoto wangu kuna siku alinirukia mgongoni, michezo yao ya watoto, nikamsukuma akaanguka. Hakuumia. Lakini nilimsukuma kwa nguvu zangu zote, bibi, kama namsukuma adui." Ufunguo ulikuwa umesimama mkononi. Akakumbuka, akaendelea kuzungusha. "Tangu siku hiyo nakaa naye mbali. Nakaa nao wote mbali. Naona ndiyo salama."

"Na mkeo anasemaje?"

"Hajui."

"Hajui?" Sauti ya bibi ilikuwa sasa imepona kabisa. "Hajui! Mtu mzima na akili zako! Mimi hunijui hata sura, umeniambia. Fungua huu mlango nitoke nikuone ulivyo mjinga."

Alifungua. Bibi akatoka, mdogo, amekumbatia mkoba, ameshajiandaa kumsema zaidi, lakini macho yake yakapita bega la Nipo yakatua nyuma yake. Nipo akageuka. Mlango wa ofisi ya mshauri ulikuwa hatua chache tu kutoka pale, na ulikuwa wazi. Mkewe alikuwa amesimama ukutani, mikono imekumbatia kifua. Nyuma yake alisimama binti mwenye mimba kubwa, ambaye Nipo alimdhania mteja mwingine wa mshauri.

"Ndiye huyu mke?" bibi akauliza. "Haya, Mungu awasaidie," akasema, akashika njia ya ngazi.

Mama Chiriku hakumkumbatia mumewe. Wanaopenda hadithi tamu watasamehe. Machozi yalikuwa yanamtoka, na alikuwa na hasira.

"Kwa hiyo mimi," akasema, "mpaka nikwame kwenye lifti?"

Yule mwenye mimba ndiye aliyekuwa mshauri. Aliwaingiza ndani, akawaomba radhi, akavua viatu na kuweka miguu yake iliyovimba juu ya stuli. Nipo alijiambia, katoto haka katanifundisha nini mimi? Alijiandaa kuambiwa afungue moyo wake, na alikuwa tayari ameufunga vizuri kwa ajili hiyo.

Mshauri hakusema habari za moyo. Aliuliza, "Pale mlangoni, uliwezaje?"

"Niliweza nini?"

"Kusema."

Nipo akatazama dari. Mkewe akavuta pumzi ya kumjibia, na mshauri akamwinulia kiganja, kwa upole, kwamba angoje. Wakangoja.

"Yule alikuwa hanioni," hatimaye Nipo akasema. "Na yeye ndiye aliyekuwa na shida. Mimi nilikuwa namsaidia."

"Na mkeo akikuuliza?"

"Hapo mimi ndiye nakuwa mwenye shida." Akasafisha koo. "Dada, mimi nyumbani kwangu ndiye ninayetegemewa. Nikianza kuyumba mbele yao, wao wamshike nani?"

"Kwani sasa hivi wanamshika nani?"

Mshauri hakusubiri jibu. Alimweleza bila mbwembwe kwamba mwili wa mtu aliyechungulia kaburi hauambiwi kwa urahisi kwamba hatari imepita. Unaendelea kushika zamu. Usingizi unakimbia, hasira inakuwa karibu, na penye kelele na maswali unataka kujificha, ndiyo maana ya bafuni na bomba. Si kwamba mapenzi yamekwisha. Na wanaume wengi wanaopita kwenye kiti hicho, alisema, wanaponyamaza wanadhani wanawakinga walio nyumbani, wakati walio nyumbani wanadhani wamechukiwa.

"Mimi nilidhani umenichoka," Mama Chiriku akasema. Alikuwa anazungumza na sakafu.

Nipo akamtazama. Ilikuwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu kumwona kweli, na alishtuka: alikuwa amezeeka machoni. Akataka kusema kitu kuhusu hilo. Akasema, "Hapana."

"Na wewe, mama," mshauri akamgeukia, "huwa unamuuliza saa ngapi?"

"Akifika."

"Ameshavua viatu?"

"Bado," Mama Chiriku akakiri. "Nikimwacha avue, ananiponyoka."

Hapo wote watatu wakacheka, kicheko kifupi cha watu waliochoka. Wakakubaliana hivi: akifika aachwe aoge, bila swali hata moja. Akitoka asikae dirishani, akae kando ya cherehani, amsaidie mkewe kutoa nyuzi za kushikizia kwenye sare, kila mmoja macho yake yakiwa kwenye kitambaa chake. "Msitazamane kama mko mahakamani," mshauri alisema. "Na wewe, baba, usitafute maneno mazuri. Toa taarifa tu, kama unavyompa mwenzako hali ya mashine. Hiki kimebana, hiki kinapiga kelele, hiki sijui kina nini."

Ningependa kuwaambia kwamba mambo yalinyooka. Jioni ya kwanza Nipo alitoa nyuzi, akachana hata suruali mbili, na taarifa yake yote ilikuwa kwamba bomba la bafuni linavuja. Jioni ya pili alisema usingizi haupo. Siku nyingine aliandamana na mkewe hadi kwa mshauri, akaongea mpaka akatokwa na jasho, na waliporudi alinyamaza karibu wiki nzima, kama mtu aliyetumia akiba yake yote siku moja. Mama Chiriku alijitahidi kutouliza. Ukitaka kujua kazi ngumu, jaribu kutouliza.

Jambo moja lilitokea kazini. Nipo alimfuata Mrefu chumba cha mashine, akamwambia, kwa woga wa mtu anayekiri wizi, kwamba ameivunja ile chai. Amemwambia mkewe. Kama kuna baya litamfuata Mrefu, amsamehe.

Mrefu alikaa juu ya ndoo. Yule mtu akikaa magoti yanafika masikioni. "Baya gani tena?" akasema. "Mimi silali, kaka. Kila nikifumba macho mkono wangu unaiwasha ile swichi. Nilikuwa nataka kukuambia, nikaogopa, nikasema chai ilishanywewa."

Walikaa hapo bila kuzungumza mpira. Kabla ya kutoka Nipo alimwelekeza Mrefu jengo la mshauri, akamshauri apande kwa ngazi.

Lakini siku za shule zilikuwa zinakwisha. Wiki ya mwisho kampuni iliwapeleka kwenye lile jengo la ajali, lifti ileile iliyomshukia, na Nipo alirudi nyumbani akiwa na kidevu chake cha zamani. Alioga kwa maji yaliyofurika. Hakukaa kando ya cherehani. Siku iliyofuata vivyo hivyo, na miadi ya mshauri ikampita akasema ametingwa na kazi. Mama Chiriku hakugomba. Laiti angegomba, Nipo angejua bado kuna moto jikoni.

Siku shule ilipofungwa, Nipo alitakiwa ashuke shimoni pale pale alipokuwa amelala kifudifudi. Swichi ilikuwa imezimwa. Makufuli mawili yalikuwa yamening'inia, lake na la Mrefu. Alisimama ukingoni, na miguu ikakataa. Alijaribu kuidanganya, ikakataa. Basi akafanya jambo ambalo hajawahi kulifanya tangu aanze kazi: alimwambia msimamizi, "Leo siwezi kushuka." Msimamizi akamtazama, akamwambia nenda nyumbani tutazungumza Jumatatu. Alitembea njia nzima akitengeneza jinsi ya kumsimulia mkewe. Aliyapanga maneno, akayapangua. Kwa mara ya kwanza alikuwa na hamu ya kufika.

Alifungua mlango akakuta kona ya sebule ni tupu. Cherehani ilikuwa katikati ya chumba, imefungwa kwa shuka na kamba. Kando yake kulikuwa na masanduku, na mkewe amepiga magoti anakaza fundo la mwisho.

"Nilishamwambia kaka ndiyo," akasema bila kuinuka. "Gari linakuja kesho asubuhi. Nilitaka nikuambie jana, ukapitiliza bafuni."

Yale maneno aliyoyapanga njiani yote yakadondoka. Akamtafuta Chiriku kwa macho. Mtoto alikuwa amekaa kwenye kiti cha dirishani, mabegi yake miguuni, anatazama nje.

"Chiriku. Leo mmefunga shule?"

Mtoto aliinua kidevu.

Nipo alikuwa hajawahi kujiona. Sasa alijiona, kwenye uso wa mtoto wa darasa la tatu, na alihisi uchungu uliompita ule wa shimoni, kwa sababu kule shimoni alikuwa anaumia peke yake. Njia aliijua: hatua chache, bafuni, bomba. Mwili ulishaanza kugeuka.

"Kifua kimebana," akasema.

Mkewe akaacha kamba.

"Mikono inatetemeka. Nataka kwenda bafuni."

"Si uende," mkewe akasema, kwa uchovu.

"Siendi. Nikiingia humo nitakaa mpaka muondoke." Akakaa chini, sakafuni, mgongo kwenye mlango, viatu miguuni. "Sitaki muende."

Alidhani amemaliza. Sentensi ile ilikuwa imemgharimu miezi mingi, alidhani inatosha kulisimamisha gari.

"Kwa nini?" mkewe akauliza. Halikuwa swali la kumtega. Alitaka kujua kweli, na sauti yake ilionyesha hatarajii sana.

"Kwa sababu..." Akafuta uso kwa mkono wenye grisi, akazidi kuuchafua. "Leo nimeshindwa kushuka. Nimewaambia nimeshindwa. Nikawa nakuja mbio nikuambie wewe. Sikutaka kumwambia mtu mwingine, nilitaka wewe. Nimechoka kuwa sawa, Mama Chiriku. Sijalala. Nikikusikia unashona usiku ndiyo napata usingizi kidogo, sijawahi kukuambia. Ukiondoka na hiyo cherehani..." Machozi yalikuwa yanamshuka wazi, mbele ya mtoto, na hakuyaficha maana hakuwa na nguvu ya kuyaficha. "Chiriku, njoo. Siku ile nilipokusukuma, baba hakukasirika. Unasikia? Baba aliogopa."

Mtoto akageuka kutoka dirishani. "Uliniogopa mimi?"

"Hapana. Kuna kitu kilimwangukia baba kazini. Kaa hapa nikuambie. Si hapo mgongoni, hapa mbele, nikuone."

Chiriku akaja taratibu, akakaa mbele yake, akamkazia macho. Nipo akaanza kusimulia, vibaya, kwa kurudia rudia, akianzia kwenye bolti, akisahau kufuli, akirudi kwenye kufuli. Mtoto akamkatiza kwa swali, halafu la pili, halafu yakamiminika, na baba akayajibu yote, mengine mara mbili.

Simu ya Mama Chiriku ikalia juu ya sanduku. Alikuwa kaka yake. Aliitazama ikalia, akamtazama mumewe pale sakafuni, uso umejaa grisi na machozi, mdomo unaendelea. Akaipokea na kuugeukia ukuta.

"Kaka, shikamoo. Hilo gari lisije kwanza." Akasikiliza. "Hapana, hatujagombana." Akasikiliza tena, kisha akashusha sauti, asije akamkatiza aliye sakafuni.

"Nitakupigia baadaye, kaka. Mume wangu anaongea."